Kupima timu ya taifa ya raga: usianze na trai, anza na propu

Ukitaka kujua timu ya taifa iko vipi kweli kweli, kwanza weka kando zile klipu za trai zinazozunguka kwa simu. Trai, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni mwisho wa hadithi. Klipu ya sekunde ishirini inakuonyesha winga akipepea pembeni lakini haikuonyeshi venye mpira ulitoka kwa skramu (wanane wa mbele wa kila upande wakisukumana) ukiwa msafi, ama venye loki wawili, wale wa safu ya pili ya skramu, walimlaza mtu chini hadi nafasi ikapatikana, na hapo ndio mashabiki wengi tunapotea, tunasema "backline yetu ni moto" halafu wiki inayofuata moto hauwaki juu mpira wenyewe haukufika huko nyuma.

Unahitaji rekodi ya mechi nzima, karatasi, biro, na uvumilivu wa kuangalia mechi moja mara mbili. Mara ya kwanza angalia tu kama shabiki, piga kelele, maliza hasira. Mara ya pili ndio kazi.

Chagua mechi tatu, na zisifanane

Moja walishinda, moja walipigwa vibaya, moja iliamuliwa kwa pointi chache. Ukichukua za ushindi peke yake utajidanganya, na ukichukua ile ya aibu peke yake utaandika tanzia.

Mfano ni Simbas wetu, timu ya taifa ya Kenya ya watu 15, kule Dubai Novemba 2022, kwenye mashindano ya mwisho ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 2023. Marekani walitupiga 68-14, Ureno wakatupiga 85-0, halafu Hong Kong wakatushinda 22-18. Timu ileile ndani ya wiki mbili. Sasa mtu wa hesabu za haraka atakwambia Ureno waliwafunga Hong Kong 42-14, kwa hivyo sisi na Hong Kong tukiwa karibu sawa Ureno wangetufunga kama 45 hivi, na hiyo hesabu kama unavyoona haikutokea kabisa. Raga haihesabiki hivyo. Timu mbili zinaweza kuwa na shida moja, lakini mpinzani mmoja anaijua shida hiyo na anaichimba dakika themanini, mwingine anaipita tu.

Halafu uliza hao waliokupiga walikuwa nani. Ureno wale wale mwaka uliofuata waliingia Kombe la Dunia Ufaransa, wakatoka sare 18-18 na Georgia na wakawapiga Fiji 24-23. Kwa hivyo 85 ile iliuma, ndio, lakini ilitoka kwa timu ambayo ilikuwa inapanda kwa kasi. Mechi ya Hong Kong ndiyo ingetufundisha zaidi na ndiyo watu hawakuiangalia tena, juu tulikuwa tushakata tamaa.

Na hizi orodha za ubora za World Rugby zitumie kwa akili. Mwenyeji anahesabiwa kama ana pointi tatu zaidi kabla mechi ianze, ushindi wa zaidi ya pointi 15 unabeba uzito wa mara moja na nusu, na mechi za Kombe la Dunia uzito ni mara mbili. Timu inayocheza testi (mechi rasmi za mataifa) tatu nne kwa mwaka, kama zetu nyingi za Afrika, inaweza kukaa pahali pamoja bila kusonga hata kama ndani imebadilika kabisa.

Skramu, na hapa tukae kidogo

Hapa ndio watu wanaenda kuchukua soda, na ndio pahali utajua timu ina uti wa mgongo ama haina.

Usiangalie mpira. Angalia nyonga za propu, wale wawili wa pembeni kwenye mstari wa mbele wa skramu. Refa akisema shikaneni, propu mzuri mgongo wake uko sawa kama meza, nyonga na mabega kiwango kimoja, miguu nyuma imekunjwa tayari kusukuma. Ukiona nyonga za nambari 3, propu wa kulia, zinapanda juu kuliko mabega, ama anaanza kupinda kuingia ndani, huyo ameshashindwa hata kama mpira umetoka. Nambari 3 ndiye anabeba uzito wa watu wawili, propu na huka (wa katikati ya mstari wa mbele) wa upande wa pili, na nchi nyingi ndogo za raga hazina shida ya mawinga, zina shida ya nambari 3. Mawinga unawapata kwa riadha. Nambari 3 anatengenezwa polepole, kwa miaka, na wenzake wazuri wa kusukumana nao kila Jumamosi.

Kisha angalia mpira unatoka vipi. Nambari nane, wa nyuma kabisa ya skramu, anaweza kuushikilia pale miguuni, skramhafu (anayeutoa mpira) anangoja, anaangalia kushoto kulia, anachagua? Hiyo ni skramu yenye afya. Ama skramhafu anaunyakua haraka na kuurusha hivi hivi kabla watu wamwangukie? Kwenye takwimu zote mbili zimeandikwa "skramu imechukuliwa na timu iliyotia mpira", asilimia mia moja, safi, na zote mbili si kitu kimoja hata kidogo. Takwimu za skramu usizisome bila picha.

Kama unataka kuona timu inayojijua, tafuta robo fainali ya Kombe la Dunia 2023, Afrika Kusini na Ufaransa kule Paris. Damian Willemse anadaka mpira wa juu ndani ya 22 yake mwenyewe (eneo la mita 22 mbele ya mstari wake wa goli), anaita mark (amedaka safi, hawezi kuguswa), na badala ya kupiga mpira nje kama dunia nzima inavyofanya anaonyesha ishara ya skramu. Skramu! Ndani ya 22 yake! Mtu hafanyi hivyo kama hajui kwa uhakika kwamba wale watu wanane wa mbele wana nguvu kuliko wenzao. Boks, hao Afrika Kusini, walishinda 29-28. Wiki iliyofuata na England skramu tena, Ox Nché ameingia kutoka benchi, penalti inapatikana dakika za mwisho, Handré Pollard anaipiga kutoka mbali, 16-15. Fainali na New Zealand 12-11. Mechi tatu pointi moja moja, na mtu bado anakwambia walikuwa na bahati.

Lainauti

Hapa mpira uliotoka nje unarushwa ndani kati ya mistari miwili ya warukaji. Watu huhesabu walizoshinda na walizopoteza, na hiyo haitoshi. Hesabu walizishinda wapi. Mpira unaorushwa kwa mtu wa mbele kabisa wa laini ni salama, karibu kila timu inaweza, lakini mpira huo ukitua uko pembeni kabisa mwa uwanja na walinzi wana muda wote wa kupanda juu. Mpira wa katikati ama wa nyuma ndio unampa flaihafu (nambari 10, mpanga mashambulizi) nafasi. Kwa hivyo ukipata timu imeshinda lainauti kumi na mbili kati ya kumi na tatu na kumi kati ya hizo ni za mbele, andika: huka, ambaye ndiye mrushaji, haamini mkono wake, ama hawana mrukaji wa nyuma. Huo ni udhaifu uliovaa suti.

Angalia pia lainauti ya mita tano. Timu ikipewa penalti pale, inaenda kona ama inachukua pointi tatu? Ikienda kona na moli (kundi linalomsukuma mbebaji akiwa amesimama) haiendi popote mara ya kwanza, mara ya pili, na bado inaenda kona mara ya tatu, hapo shida si miguu, shida ni nahodha na kocha kutosoma mchezo.

Raki

Hapa fupi tu. Raki ni pale mbebaji ameangushwa na watu wanasukumana juu ya mpira. Tumia saa ya simu. Tangu mbebaji aanguke hadi skramhafu anyanyue mpira, ikiwa chini ya sekunde tatu mara nyingi, timu inacheza mbele ya walinzi. Sekunde tano sita, walinzi wamekunywa chai na kurudi. Kisha angalia mbebaji ameangukia wapi, mbele ya pale raki iliyopita ilikuwa ama nyuma. Timu inayopiga awamu (kutoka raki moja hadi nyingine) kumi na tano ikirudi nyuma haina mashambulizi, ina mazoezi.

Kiki, ugonjwa wetu Afrika Mashariki

Wacha niseme ukweli, sisi mashabiki wa hapa tunachukia kiki. Mtu akipiga mpira RFUEA pale Ngong Road unasikia jukwaa linalia "shika bana, kimbia!" Tumelelewa na sevens, raga ya watu saba, tumemwona Collins Injera akikimbia, tunataka kukimbia. Lakini kwenye testi ya watu 15 timu isiyojua kutoka kwenye 22 yake itafungwa, mapema ama baadaye, na mara nyingi si kwa sababu wapinzani ni wazuri.

Kwa hivyo fanya hivi: kila mara timu yako inapata mpira ndani ya 22 yake, andika walitumia awamu ngapi kabla ya kupiga, mpira ulitua wapi, na ni nani alikimbia kuufuata. Awamu moja ama mbili halafu mpira unavuka mstari wa mita 40 kwenda nje, vizuri sana. Awamu tano, presha, mtu anapiga kwa haraka unaangukia mikononi mwa fulbeki wao aliyesimama peke yake na hakuna anayemfuata, hiyo ni zawadi. Kiki nzuri bila wafuataji ni kiki mbaya, na wengi hulaumu mpigaji wakati aliyelala ni winga.

Na kuna kiki za goli. Septemba 2023 Boks walipoteza kwa Ireland 13-8 kwenye makundi, na mikwaju ya goli waliyoikosa siku hiyo ingetosha kabisa kugeuza mechi. Ukiangalia mchezo wote utasema timu iko sawa, forward (wale wanane wa mbele) wako sawa, ulinzi uko sawa, kuna tundu moja tu na tundu hilo lina jina la kazi: mpigaji. Pollard alikuwa ameshaitwa siku chache kabla ya mechi hiyo, baada ya huka Malcolm Marx kuumia, mpigaji akaingia mahali pa huka! Ni kocha mwenye kujua hasa tundu liko wapi ndio anaweza kufanya hivyo, na mwisho wa mashindano unajua pointi zote 12 za fainali zilitoka mguu wa nani.

Penalti

Usihesabu jumla peke yake, andika kwa nini na wapi. Penalti ya skramu ni shida ya nguvu ama mbinu. Penalti ya kuingia raki kwa pembeni ni shida ya kuchelewa kufika. Kuotea dakika ya 70 ni uchovu. Kubishana na refa ni ujinga tu. Penalti nane za uchovu dawa yake iko kwa mazoezi ya mwili, penalti nane za skramu dawa yake inaweza kuchukua miaka minne.

Kata mechi vipande vinne

Dakika ishirini ishirini, na kila kipande andika matokeo yake peke yake. Utashangaa. Septemba 2025 kule Wellington, Afrika Kusini walikuwa nyuma 10-7 mapumziko, mechi ikaisha 43-10, yaani kipindi cha pili peke yake ni 36-0. Mwezi mmoja kabla, Boks haohao walikuwa mbele ya Australia 22-0 pale Ellis Park wakapigwa 38-22. Ukiangalia tu walishinda hii walipoteza ile hujapata kitu. Ukiangalia vipande utaanza kuuliza maswali ya maana: ni nani aliingia kutoka benchi, ni lini, na mchezo ulibadilikia wapi.

Benchi lina watu wanane na angalau watatu lazima wawe wa mstari wa mbele, hiyo ni sheria ya usalama. Wengi huweka forward watano na beki (wachezaji wa nyuma) watatu. Rassie Erasmus na wenzake wa Boks walileta sita kwa mbili, halafu saba kwa moja, wakaijaribu na New Zealand pale Twickenham Agosti 2023 wakashinda 35-7, na wakaitumia tena kwenye fainali. Lakini usikimbilie kusema kila timu iige. Saba kwa moja inawezekana kama una beki wanaocheza nafasi tatu tofauti na propu wa akiba ambaye ni sawa na aliyeanza. Ukiwa na nchi ambayo propu wa kwanza ni mzuri na wa pili anacheza ligi ya mkoa, benchi lako ni shimo, na shimo hilo linafunguka dakika ya 55. Kwa hivyo kwenye karatasi andika mstari wa mbele mara mbili, walioanza na walioingia, na uwape maksi tofauti.

Usichanganye sevens na 15

Aprili 2016 Singapore, Shujaa, timu yetu ya sevens, chini ya marehemu kocha Benjamin Ayimba waliwapiga Fiji 30-7 fainalini, siku tamu kuliko zote kwa raga yetu na mimi sitaki kusikia mtu akiipunguza. Lakini ile ni skramu ya watu watatu, dakika kumi na nne, na nafasi kila mahali. Haikuambii chochote kuhusu nambari 3 wetu. Inakuambia tuna miguu na mikono, basi, na hilo liandike kwenye upande wa nguvu bila kulizidisha.

Wachezaji wanacheza wapi wiki za kawaida

Hili ndilo jambo watu wanaruka. Timu ya taifa inakutana wiki chache kwa mwaka, miezi mingine yote mchezaji yuko kwa klabu. Pitia orodha ya kikosi uandike kila mtu analala wapi. Kabras, KCB, Oilers, Quins, sawa, lakini Kenya Cup, ligi yetu kuu, ina mechi ngumu kweli ngapi kwa msimu? Chipu wetu wa chini ya miaka 20 waliwapiga Namibia wakachukua Barthes Trophy, kombe la Afrika la rika hilo, 2019, wakaenda mashindano ya dunia kule Brazil. Halafu wakubwa wetu wanakutana na Namibia fainali ya Afrika ya 2022 wanapigwa 36-0. Vijana wetu si wabaya kuliko wao wakiwa na miaka 19, ila baada ya hapo wenzetu wengi wanaenda kusukumana Afrika Kusini na Ulaya, wetu wengi wanatafuta kazi na kufanya mazoezi jioni. Ile miaka ambayo Simbas waliingizwa Currie Cup ya Afrika Kusini, daraja la kwanza, ilikuwa ni kujaribu kuziba pengo hilo hilo.

Zimbabwe angalia venye walifanya. Wakachanganya vijana wa nyumbani na watu wao walio nje, akiwemo Ian Prior, skramhafu wa miaka mingi wa Western Force kule Australia, na Julai 2025 pale Namboole, Kampala, wakawapiga Namibia 30-28 na kurudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Fainali ya pointi mbili hushindi kwa kasi. Unashinda kwa kujua lini upige mpira nje.

Sasa andika uamuzi, lakini dhidi ya nani?

"Nguvu" na "udhaifu" bila mpinzani ni maneno matupu. Skramu inayotosha kuwakalia Uganda kwenye Elgon Cup haitoshi kwa Namibia, na ile ya Namibia ikikutana na Georgia inageuka karatasi. Chora safu tatu: walichofanya, walimfanyia nani, na je kitafanya kazi kwa yule tunayelazimika kumpiga. Ile safu ya tatu ndiyo itafuta nusu ya sifa ulizoandika.

Nikijaza ya Simbas kwa macho yangu, nikimlenga Namibia ama Zimbabwe: wakimbiaji wa nje, wanafaulu kwa yeyote. Flanka (wale wa pembeni mwa skramu) na nambari nane, wanaweza kushindana. Ulinzi wa dakika arobaini za kwanza, sawa. Kutoka kwenye 22, bado. Lainauti ya nyuma, bado. Mstari wa mbele wa akiba, bado kabisa. Kumbuka 2014 Antananarivo, tuliwapiga Namibia wenyewe 29-22, tukawapiga Madagascar 34-0, tukabakisha Zimbabwe tu, tukapoteza 28-10 na Kombe la Dunia likaenda zake. Kile kikosi kilikuwa na kila kitu cha kumpiga mtu mmoja siku moja, kilichokosa ni kufanya hivyo mara tatu mfululizo ndani ya siku chache, kwa hivyo kwenye karatasi yako ongeza mstari wa mwisho: mechi ya tatu, na nambari 3 wa akiba ndiye anaanza, wanasimama ama hawasimami?

Karatasi hiyo itupe kila kocha wa mashambulizi ama wa skramu akibadilika, na uanze upya na mechi tatu mpya. Boks walipomleta Tony Brown kuwa kocha wa mashambulizi 2024, waliokuwa wanawapima kwa karatasi ya 2019 waliendelea kuandika "hawajui kupasi" huku trai zikiingia kutoka pembeni.